Wanane Wanaovuta Mlango wa Choo

Mama yangu ana kiuno cha sementi. Kiko kwenye ukuta wa nje wa ukumbi wa kata yetu, huko nyuma ya Kimara ambako barabara inashuka bondeni na kupanda tena bila sababu ya msingi, na kimetokeza kiasi kwamba watu wanaosubiri kuhudumiwa huweka vikombe vyao vya chai juu yake. Siku moja nilikuta kofia ya pikipiki. Niliiondoa nikaiweka chini, mwenyewe akaja juu, nikamwambia hicho alichokifanya meza ni kiuno cha mzazi wangu. Akaomba radhi, lakini alikiomba kiuno, si mimi.

Ukumbi ule ulijengwa kwa michango, na kwa kuwa uko pembeni ya uwanja wa mpira, kamati iliamua ukuta wake upambwe kwa sanamu za michezo. Si sanamu za kusimama, bali zile zinazotokeza nusu tu ukutani, nusu nyingine unaachiwa uifikirie mwenyewe. Fundi aliyepatikana alikuwa na jina kubwa kule Madale kwa kutengeneza simba na tai wa kuweka juu ya nguzo za mageti. Simba wake walikuwa wazuri sana. Tatizo ni kwamba mkono wake ulikuwa umeshazoea, na mpaka leo kila mwanamichezo kwenye ukuta ule ana pua pana na mashavu ya mnyama aliyeshiba.

Shida ilianza na mchezaji wa mpira. Kwetu nusu ya watu wanashabikia timu ya jezi nyekundu na nusu nyingine ile ya kijani na njano, na kamati ilijua kwamba sanamu ikionekana inafunga goli, lazima kuna upande utauliza limefungwa kwa nani. Walibishana kikao kizima. Mwishowe fundi akaagizwa amtengeneze akiwa amesimama tu, mpira kwapani, hamtazami mtu. Anafanana na jirani aliyewanyang'anya watoto mpira wao kwa sababu umevunja kioo chake.

Halafu kulikuwa na mzee wetu wa duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi, mzaliwa wa hapahapa Dar, aliyetoa sementi karibu yote. Alikuwa na ombi moja, uwepo mchezo wa kriketi, ambao aliucheza ujanani. Nani angemkatalia mwenye sementi? Mzee akaja na gongo lake la zamani, akasimama amelishika, akachorwa. Haikupita muda mama ntilie wa pale uwanjani akampa fundi hongera, maana hajawahi kuona mwanaume amechongwa akisonga ugali. Mzee aliposikia alicheka hadi akavua miwani. "Acha tu," alisema. "Bora wanione nafanya kazi."

Kisha ikaja kamba, na hapo ndipo mambo yalipoingia nyumbani kwetu.

Kwenye bonanza la kata, mchezo unaojaza watu si mpira. Ni kuvuta kamba kwa akina mama, na timu ya mtaa wetu haikuwahi kushindwa tangu Mama awekwe mwisho, mahali pa yule anayejizungushia kamba kiunoni. Mama si mtu wa maneno. Alikuwa karani wa masjala mjini, kazi ya kutunza mafaili ya watu wengine, na hata akigombana na mtu aligombana kwa kunyamaza. Lakini akishika kamba na kuchimba visigino, unaona uso mwingine kabisa. Wapinzani wetu wa mtaa wa juu walidai kwamba anatumia dawa. Hatumii dawa yoyote. Ana mapaja.

Nyumbani hatukuwa na picha hata moja ya Mama akiwa kwenye kamba. Kusema kweli, hatukuwa na picha yake yoyote iliyokamilika. Mpiga picha wa familia alikuwa Baba, mwalimu mstaafu, mtu asiyekubali kufundishwa, na Baba alikuwa na kipaji cha kumkata Mama. Kwenye Krismasi Mama ni bega. Kwenye kipaimara changu Mama ni mkono ulioshika keki. Kwenye bonanza Baba alipiga picha nzuri ya wanawake saba wakivuta kamba inayotoka nje ya picha, na huko nje ndiko Mama aliko. Ukimuuliza, anakujibu mashine ya picha ni mbovu. Kwa hiyo kamati ilipotangaza kwamba timu ya kamba itawekwa ukutani, wote wanane, Mama alirudi nyumbani, akakaa hata mkoba hajauvua, akatuambia, "Safari hii nitaonekana mzima."

Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kwa sauti namna ile. Roho iliniuma, nikashangaa kwa nini hatukuwahi kununua mashine nyingine.

Yule fundi alikuwa na namna yake ya kazi. Hakuchora kutoka kichwani. Alikuegemeza ukutani, akakuzungushia mkaa pembeni mwa mwili wote, ukishaondoka anabaki na umbo lako na kuanza kulijaza sementi. "Mie nachonga ninachokiona," alipenda kusema. "Nisichokiona ntakichongaje?" Kwa wale simba wa Madale, sijui alifanyaje.

Sasa, mchezo wa kamba una pande mbili. Kamati ikawaita akina mama wa mtaa wa juu waje wachorwe upande wa pili. Kiongozi wao, mama mmoja anayeuza vitenge, akajibu mbele ya watu, "Yaani nishindwe uwanjani, halafu nishindwe na ukutani? Wajukuu zangu wawe wanapita hapo wananiona chali? Hapana, jamani, sie hatuji." Na kweli, katika kata nzima hakupatikana mtu wa kukubali kushindwa kwa sementi. Kushindwa kwa siku moja watu wanavumilia, kesho wanakwambia refa alinunuliwa. Kushindwa moja kwa moja, mvua inyeshe, jua liwake, hakuna aliyekuwa tayari.

Siku ya kuchorwa ikafika, wapinzani hakuna. Fundi akasema kamba isipovutwa italegea, na ikilegea miili nayo italegea, atachora watu wanaoanua nguo. Akatazama huku na huku. Katikati ya ukuta ule kuna mlango wa choo cha nje. Akafunga kamba kwenye kishikio cha mlango, akarudi na mkaa wake, akawaambia, "Haya akina mama, vuteni kama mashindano."

Hakumjua Mama. Walivuta mara moja tu, komeo la ndani likang'oka, mlango ukafunguka kwa kishindo, na akina mama wote wanane wakaangukiana kama magunia ya mkaa. Ndani alikuwemo mlinzi wa ukumbi. Alitoka ameshika suruali kwa mikono miwili na kuuliza kosa lake ni nini. Alipotulizwa, mlango ukafungwa kwa komeo la nje, kamba ikafungwa upya, wakavuta kwa adabu, na fundi akamaliza kazi yake. Komeo la ndani halijarudishwa mpaka leo. Taa ya humo nayo iliungua zamani, kwa hiyo watu wa kwetu wakiingia choo kile huacha mlango wazi kidogo wapate mwanga, kisha wanakohoa kila baada ya muda ili anayekuja ajue kuna mtu.

Fundi alichonga alichokiona. Wanawake wanane wenye mashavu ya simba wamejipinda, visigino vimezama, misuli imetoka, na kamba yao inakwenda hadi kwenye mlango wa choo, hapo inaishia.

Mama alikuwa mzuri sana. Nilimtambua kabla sijaonyeshwa, alivyokaza shingo na alivyofumba jicho moja. Kichwa kilikuwepo, miguu ilikuwepo, na kile kiuno. Aliipitisha mikono yake juu ya sura ile akasema pua amemwongezea, lakini alisema hivyo huku akitabasamu.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alipitishwa ukutani akiwa na kamati nyuma yake. Akamtazama mwenye mpira kwapani, akatikisa kichwa kwa heshima. Akamtazama mzee wa kriketi, akauliza ugali huo ni wa watu wangapi. Alipofika kwenye kamba akaifuata kwa macho, mwanamke baada ya mwanamke, mpaka mlangoni, akasimama. "Poleni sana," akasema. "Hawa akina mama walibanwa kiasi hiki na mwenye ufunguo hayupo?"

Watu walicheka mpaka mshereheshaji akashindwa kuendelea. Kabla ya pilau kuisha, picha ya ukuta ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu ya simu. Ilinifikia kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa Mwananyamala, asiyejua kwamba anamcheka mama yangu, imeandikwa chini yake: foleni ya choo, Dar.

Mtendaji wa kata, kijana nadhifu aliyependa sana mambo yaende vizuri mbele ya wageni, hakulala vizuri. Akaitisha kikao na kutangaza kwamba sehemu ya kamba itapigwa plasta, ukuta ubaki mweupe, mambo yaishe. Mama alikuwepo. Mama, ambaye kwenye vikao huwa anakaa karibu na mlango na kupiga kura kwa jicho, akasimama.

"Mwanangu," alimwambia mtendaji, "pale hapana kosa. Pamepungua mtu. Akiwekwa mtu upande wa pili wa mlango, si choo tena, ni mchezo."

"Sawa, mama yangu," mtendaji akasema, "ila huyo mtu ni nani? Wote si mmewaita wakakataa?"

"Nitampata."

Akapewa muda mpaka fundi atakaporudi kumalizia kupaka rangi. Asipopata mtu, plasta.

Nilizunguka naye. Tulikwenda kwa muuza vitenge, akatupa soda na jibu lilelile. Tulikwenda kwa wanakwaya, wakasema wao ni watu wa Mungu, hawawezi kuonekana wamelala chini na akina mama wengine wamesimama. Mzee wa kriketi alikuwa radhi, lakini tayari yumo ukutani, na kamati ilisema mtu hawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja hata kama sementi ni yake. Mimi mwenyewe nikajitolea. Mama akanitazama kama nimetukana. "Binti yangu hatashindwa na mimi kwenye ukuta wa serikali," akasema, na akafunga mjadala.

Baba hatukumuuliza. Lazima nieleze Baba alikuwa mtu wa namna gani, msije mkadhani tulimdharau. Baba hakuwahi kushindwa na kitu chochote duniani. Kwenye drafti, akiona mambo yameharibika, anakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni, anaondoka, na kesho yake anasema mchezo uliahirishwa. Alibishana na redio. Alibishana na utabiri wa hali ya hewa, mvua ikimnyeshea anasema hiyo ni ya jana imechelewa. Siku aliyokosea njia ya kwenda harusini Tegeta, tulizunguka hadi tukakuta watu wanakunja viti, naye akasema tumefika mapema kwa ajili ya harusi inayofuata. Ungeanzaje kumwambia mtu kama huyo akae chini ashindwe na mke wake mbele ya kata?

Mama alikata tamaa kimyakimya. Akaanza kupita njia ya mbali ili asiuone ukuta. Jioni moja alisema tu, akiwa anachambua mchele, "Basi, nilizoea kukatwa." Baba alikuwa kwenye kiti chake, gazeti usoni. Hakujibu, na kwa Baba kutojibu lilikuwa jambo la kuitia hofu familia.

Siku aliyorudi fundi, tulimkosa Baba nyumbani. Suti yake ya kanisani nayo haikuwepo. Mama akasema labda kuna msiba hajatuambia. Tukapigiwa simu na mama ntilie kwamba tuje ukumbini haraka, mzee amekaa chini.

Tulimkuta upande wa pili wa mlango wa choo, suti nyeusi, tai, viatu vimeng'arishwa, amekaa kwenye vumbi mgongo wake ukutani, na watu wamemzunguka. Mtendaji alikuwa akimpa shikamoo kwa mara ya tatu kwa kukosa la kusema. Fundi alikuwa ameshika mkaa, jasho linamtoka.

"Mzee," fundi akasema, "nakuomba ukae kama umeanguka."

"Mimi sijaanguka," Baba akasema. "Nimeteleza."

"Haya, kaa kama umeteleza."

"Ndivyo nilivyokaa. Na uandike kwamba chini palikuwa na maji."

Fundi akaeleza kwamba haandiki, anachonga, na kwamba bila kamba kuvutwa mkono wa mzee unaonekana unaomba lifti. Mama akapita katikati ya watu. Alivua viatu, akachukua kamba, akajizungushia kiunoni, akarudi nyuma hadi mahali pake, mbele ya sura yake mwenyewe. Baba akashika ncha ya pili kwa mikono yote miwili.

"Usivute sana," Baba akamwambia.

Mama akavuta kama mashindano. Baba akaburuzika vumbini na suti yake hadi kwenye kizingiti cha choo, na watu wakashangilia upande wa Mama, mimi pia, samahani. Ikabidi arudishwe mahali pake apanguswe. Vumbi lilipotulia Baba alikuwa anamtazama Mama, tai imemzunguka hadi mgongoni, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, "Halafu ile mashine ya picha haikuwa mbovu, mama watoto."

Mama akasema, "Nilijua." Lakini alilegeza kamba.

Mzee wa kriketi akaleta sementi ya kumtosha mtu mwenye suti. Kwenye mlango wenyewe sementi haishiki, kwa hiyo fundi aliipaka kamba kwa rangi ya mafuta, ikatoka mikononi mwa akina mama, ikapita juu ya mlango, ikaingia mikononi mwa Baba. Ilikubaliana vizuri mpaka ukiwa mbali hujui ipi imechongwa na ipi imepakwa. Mtendaji alikubali kwamba huu sasa ni mchezo. Watu nao walikubali, ila waliuelewa vingine: kwa kata nzima huyo ni mzee aliyejifungia chooni siku ya sherehe, na wanawake wanane wanamtoa. Magrupu ya simu yalijaa tena. Safari hii Mama ndiye aliyekuwa anaituma picha, hadi kwa ndugu zake huko bara.

Baba aliishi na ushinde wake vizuri kuliko tulivyotegemea. Jumapili baada ya ibada alipenda kupita pale, akasimama karibu na sanamu yake mpaka mgeni aulize. Hapo anaeleza kuhusu maji yaliyokuwa chini. Wengine walikwenda kupatazama, wakasema kweli panaweza kuteleza. Kitu kimoja tu kilimkera, choo chenyewe. Mtu akifungua mlango, kamba inakatika katikati, nusu inabaki kwa akina mama na nusu inabaki kwake, na Baba anaonekana ameketi chini peke yake bila sababu, ameshika kipande cha kamba. "Funga mlango," alikuwa akiwaambia watu wazima na akili zao. "Unaharibu mchezo."

Baba alitutoka masika yaliyopita. Tulipotafuta picha ya kuweka mbele kanisani tulipata ile ya kitambulisho tu, amekunja uso kama anabishana na mpiga picha. Tulitafuta pia ya wao wawili pamoja, Mama akaitaka, tukapekua kila bahasha na kila simu. Haikuwepo. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya mashine, na Mama alikuwa nje ya fremu.

Mama amestaafu sasa. Hana shughuli yoyote ya kumpeleka ukumbini, lakini anakwenda, na juzi niliongozana naye. Tulikuta mlango wa choo umeachwa wazi nusu, kamba imekatika, Baba ameketi na kipande chake. Mama akausukuma mlango taratibu, akashusha komeo la nje, akarudi nyuma kidogo ili atazame. Kamba ikaunganika kutoka kwake hadi kwa Baba.

Kutoka ndani, gizani, mtu akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Kuna mtu humu, jamani."

Ilikuwa sauti ya mtendaji. Nikanyoosha mkono kwenye komeo, Mama akaushika mkono wangu.

"Najua," akasema.

Halafu yule bwana akaitambua sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisubiri kidogo."

Mtendaji akasubiri.